Kompyuta Yangu Si Mshahara Wangu

Kila mtu aliyewahi kupanda ngazi za majengo ya Luthuli Avenue akitafuta laptopu anajua jambo hili: mashine nyingi tunazobeba hapa mjini hatukuwa wa kwanza kuzinunua. Zilinunuliwa na ofisi za Ulaya, zikatumiwa miaka mitatu au minne, zikafutwa vumbi na data, zikapakiwa kwenye kontena, zikashuka Mombasa. Muuzaji atakwambia kwa fahari kwamba hii ni ex-UK, na ana haki ya kujigamba. HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude: hizi ni mashine za daraja la kampuni, zilizojengwa kuvumilia. Ndani yake mara nyingi utakuta Windows toleo la Pro, kwa sababu mwenyewe wa kwanza alikuwa kampuni, na kampuni hununua Pro.

Yaani ni mtumba. Na mtumba sisi tunauelewa vizuri. Ukishuka Gikomba ukapata koti lenye lebo ya duka la kifahari la London, ukalivaa Jumatatu asubuhi, makanga hatakudai nauli ya yule mzungu aliyelivaa kwanza. Atakudai nauli ya mvua, sawa, hilo ni jambo lingine na tutalijadili siku nyingine. Lakini hasomi lebo. Kinyozi hasomi lebo. Mama mboga hakuulizi una friji ya aina gani nyumbani kabla ya kukutajia bei ya sukuma wiki.

Watengenezaji wa programu za kitaalamu husoma lebo. Kwa zaidi ya miaka hamsini, sehemu kubwa ya biashara hiyo imesimama juu ya wazo moja: ukitaka kujua mtu ana pesa ngapi, angalia kompyuta yake. Linaonekana wazo la busara mpaka ulilete mahali ambapo kompyuta ni za mtumba. Hapo linageuka kuwa unyang'anyi wenye risiti.

Mfano unaoniudhi kuliko yote ni wa watu wasioona. Mtu asiyeona hutumia kompyuta kwa msaada wa kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini au kukipeleka kwenye kifaa cha Braille chini ya vidole vyake. Bila hiyo, kompyuta kwake ni sanduku tu. Kwa miaka mingi kisoma skrini kilichotawala kwenye Windows kimekuwa JAWS. Aliyekianzisha ni Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwanamashindano ya pikipiki kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Toleo la kwanza, lililotumia DOS, lilitoka 1989. Sina neno baya juu ya mtu huyo wala juu ya kazi yake. JAWS imewapa watu wengi ajira na shahada.

Tatizo ni jinsi bei ilivyopangwa. Kwa miaka mingi JAWS iliuzwa kwa madaraja mawili. Standard, kwa dola 895, ilikuwa ya Windows za nyumbani. Professional, kwa dola 1,095, ilikuwa ya Windows za kikazi, kama XP Professional na zile zilizofuata za aina hiyo. Sauti ni ileile. Amri za kibodi ni zilezile. Kwa mtu anayetaka kusoma barua pepe na kuandika insha ya chuo, zile dola 200 za juu hazikumnunulia neno moja zaidi la kusomewa. Zilimnunulia ruhusa ya kuwa na Windows aliyonayo tayari.

Piga hesabu kwa kiwango cha leo cha shilingi 130 hivi kwa dola. Tofauti peke yake ni shilingi 26,000. Hiyo ni pesa ya kununua laptopu nyingine nzuri ya mtumba. Soma hapo tena, pole pole: adhabu ya kuwa na mashine "ya kampuni" inakaribia bei ya mashine yenyewe.

Sasa chukulia mwanafunzi asiyeona katika chuo chetu chochote cha umma. Familia imechanga, mjomba ameongeza, wamempata EliteBook iliyotumika. Katika jedwali la waliopanga bei, kijana huyu ni kampuni. Wakati huohuo kuna wakili kule Boston aliyeingia dukani akanunua laptopu mpya yenye Windows ya nyumbani. Huyo, katika jedwali lilelile, ni mtu wa kawaida, apewe bei ya chini. Jamani. Nani hapo ana pesa?

Na hili kwetu si suala la hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvuka vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kisoma skrini ni kifaa cha namna hiyo kama kulivyo kiti cha magurudumu. Hebu fikiria kiti cha magurudumu ambacho bei yake inapanda ukiishi kwenye nyumba yenye mlango mpana.

Waliokata mzizi wa fitina walikuwa vijana wawili wa Australia, wote wasioona, Michael Curran na James Teh. Mwaka 2006 Curran alianza kuandika kisoma skrini kinachoitwa NVDA, Teh akajiunga naye, na tangu mwanzo kikatolewa bure, msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. NVDA haikuulizi una Windows ya nyumbani au ya kazi. Inaingia, inasoma, basi. Kampuni ya JAWS nayo baadaye ilileta leseni nafuu ya kulipia kila mwaka kwa matumizi ya nyumbani, ikianzia Marekani. Angalia neno hilo: matumizi. Swali lilihama kutoka kwa mashine likaenda kwa mtu na anachofanya, na bei ikashuka. Hakuna mbingu iliyoanguka. Swali langu ni kwa nini ilichukua miaka yote hiyo, na kwa nini Marekani kwanza.

Mtu atasema: kama NVDA ni ya bure, si mambo yameisha? Hayajaisha. Kuna waajiri ambao mifumo yao ya ndani imeandaliwa kufanya kazi na JAWS, kwa maagizo maalumu yaliyoandikwa kwa ajili ya JAWS tu. Asiyekuwa nayo hapati kazi hiyo. Halafu kisoma skrini ni mlango mmoja tu. Nyuma yake kuna korido nzima ya programu za kitaalamu zinazopimwa kwa mashine.

Ugonjwa huu una historia, na wenyewe walioanza hawakuwa wajinga. Mwezi Aprili 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta iitwayo System/360. Uvumbuzi wake mkubwa ulikuwa kwamba programu iliyoandikwa kwa modeli ndogo ingeweza kufanya kazi kwenye modeli kubwa. Kabla ya hapo, ukibadilisha mashine mara nyingi ulianza kuandika upya. Wakati huo programu hazikuwa na bei yake; zilikuja na chuma, kama sufuria na mfuniko. Juni 1969, IBM ikiwa chini ya shinikizo la kesi za ushindani, ilitangaza kwamba itatenganisha bei ya programu na bei ya mashine. Hapo ndipo swali lilipozaliwa: kama programu ni ileile kwenye modeli ndogo na kubwa, je, bei iwe ileile?

Jibu lililokuja kushinda ni hapana. Mwenye mashine kubwa alipe zaidi. Na kwa zama zile, ninakubali, lilikuwa jibu la haki. Kompyuta ya ukubwa wa chumba haikumilikiwa na mwanafunzi wa Kahawa Wendani. Ilimilikiwa na benki, shirika la ndege, serikali. Ukubwa wa mashine na unene wa mfuko vilitembea pamoja kama pacha. Mashine ilikuwa shahidi mkweli.

Lakini hata kule kwa wakubwa, mfumo huu uliishia kufanya vituko. Kompyuta kubwa za IBM hupimwa uwezo kwa kitu kinachoitwa MSU, yaani kiasi cha kazi mashine inachoweza kufanya kwa saa, na programu nyingi zikatozwa kwa kipimo hicho. Matokeo yake ni soko la mashine zilizofungwa miguu makusudi. Prosesa ni ileile, kiwanda ni kilekile, lakini unauziwa ikiwa imepunguzwa kasi, na wateja wanaishukuru, kwa sababu mashine ya polepole inawapunguzia bili ya programu. Wanadamu walisoma fizikia miaka mingi ili chuma kikimbie, kisha mhasibu akaamuru kitembee. Ni kama kununua Subaru ukaomba iondolewe gia mbili ili upate bima nafuu.

Siku hizi kipimo maarufu ni kori, zile injini ndogondogo ndani ya prosesa. Hapa ndipo mtumba unapoumia tena. Hifadhidata ya Oracle, toleo la Enterprise, kwa bei ya orodha ni dola 47,500 kwa kila leseni ya prosesa. Unahesabu kori zako, unazidisha kwa namba inayotegemea aina ya prosesa. Kwa prosesa za kawaida za Intel na AMD namba hiyo ni 0.5, kwa POWER za IBM ni 1.0. Sasa chukua seva ya zamani yenye prosesa mbili za kori kumi kumi. Kori 20 mara 0.5 ni leseni 10, yaani dola 475,000. Chukua seva mpya kabisa yenye kori 8 za kasi: leseni 4, dola 190,000. Ile mpya inaweza kabisa kufanya kazi sawa na ile kuukuu, au kuipita. Mwenye uwezo wa kununua chuma kipya analipa chini ya nusu. Mwenye chuma kuukuu analipia kila kijiinjini kilichochoka.

Najua, najua. Biashara ndogo ya hapa haiko karibu na Oracle Enterprise, na wakubwa huwa wanapiga bei mpaka punguzo linapatikana. Hiyo ndiyo hoja yangu hasa. Punguzo huenda kwa mwenye meza ya mazungumzo. Asiye na meza analipa orodha.

Na usidhani kuwa mdogo kunakuokoa. Microsoft ilipohamia hesabu ya kori kwenye Windows Server 2016, iliweka kiwango cha chini: kila seva ilipiwe angalau kori 16. Ukiwa na seva yenye kori 4 pale nyuma ya duka la dawa, unalipia 16. Yaani kori 12 unazilipia na hazipo. Kwa hiyo ukiwa na kori nyingi unalipa kwa sababu ni nyingi, ukiwa na chache unalipa kana kwamba ni nyingi. Hapo mtu asiniambie tena habari za kipimo cha haki. Kipimo cha haki hupungua mzigo unapopungua.

Nimesikia utetezi, na mmoja una uzito. Kuandika programu kwa mfumo mwingine kabisa ni kazi kweli. Anayetengeneza kitu kwa Windows, kisha Mac, kisha aipad, amefanya kazi mara tatu au karibu na tatu, na wanaoandika msimbo nao hula ugali. Akidai malipo kwa kazi hiyo, simlaumu. Bei tofauti kwa kazi tofauti, hapo tuko fiti. Ninachopinga ni bei tofauti kwa kazi ileile: Windows ya nyumbani na Windows ya kikazi zenye moyo mmoja, kori ya zamani na kori mpya zinazoendesha msimbo uleule.

Na kuna njia ya kistaarabu hata pale kazi inapokuwa tofauti. Novemba 2022 programu za usanifu za Affinity zilitoa leseni moja iliyofunika Mac, Windows na aipad kwa malipo ya mara moja. Linganisha na Apple, mwaka uliofuata. Final Cut Pro ya Mac ilikuwa dola 299.99, unalipa mara moja, imeisha. Mei 2023 wakaileta kwenye aipad, na bei ikawa dola 4.99 kwa mwezi au 49 kwa mwaka. Mwanzoni inapendeza, hasa kwa sisi wa kadogo kadogo. Baada ya miaka sita umefika dola 294, na mwenye Mac amestarehe huku wewe mita bado inazunguka. Aliyekuwa na pesa nyingi siku ya kwanza akawa mmiliki. Aliyekuwa na kidogo akawa mpangaji. Kama wewe ni mpangaji Nairobi, hiyo hadithi unaijua.

Tabia hii ya kusoma mashine kama payslip imetoka hata kwenye programu ikaingia kwingine. Mwaka 2012 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba Orbitz, kampuni ya kuuza safari mtandaoni, ilikuwa imegundua kuwa wenye Mac hutumia pesa zaidi kwa hoteli, ikaanza kuwatangulizia vyumba ghali. Haikubadilisha bei ya chumba kilekile, tuwe wakweli. Ilimwangalia mtu kupitia mashine yake na kuamua kimya kimya aone nini kwanza. Sasa fikiria yule dada wa Umoja anayetumia Macbook ya 2013 aliyorithi kwa bosi wake.

Basi haki inafananaje? Haiko mbali. Watayarishaji wa muziki wanaijua Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti iliyoandikwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetupa Winamp. Reaper ina bei mbili kwa programu moja: dola 60 na dola 225. Hailinganishi kompyuta yako na kitu chochote. Inakuuliza wewe. Unaitumia kwa mambo yako binafsi, au biashara yako haiingizi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka? Lipa 60. Umepita hapo? Lipa 225. Unapewa siku 60 za kujaribu kila kitu, na inakimbia hata kwenye mashine zilizochoka. Dola 60 ni kama shilingi 7,800. Bado ni pesa, lakini ni pesa ambayo kijana wa Kayole mwenye studio chumbani anaweza kuiweka kwa miezi michache, na wala mashine yake ya daraja la kampuni haimshtaki.

"Watu watadanganya." Kweli, wengine watadanganya. Lakini tuambiane ukweli hapa: wasee wamekuwa wakidanganya muda mrefu. Ukinunua laptopu mtaani, fundi anakuuliza kama akuwekee "zile programu," na nyote wawili mnajua ni zipi na hazikulipiwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iko na haijaondoka. Sitetei programu za kuvunjwa. Zinakuja na virusi, zinakuacha bila marekebisho, na zinamfundisha kijana kwamba kazi ya mwingine haina bei. Nasema tu kwamba mfumo unaomwita mwanafunzi kampuni hauna mdomo wa kulalamikia uaminifu. Umeanza kwa kusema uongo juu yake.

Wale wanaoandika programu humu humu mjini nao wasijifiche nyuma ya IBM. Nimeona mifumo ya shule, ya saccos na ya kliniki, ikiuzwa kwa hesabu ya "kila mashine." Shule ya kijiji iliyopewa kompyuta 30 za msaada inadaiwa mara 30, na shule ya kifahari yenye kompyuta 10 mpya inadaiwa mara 10. Mbona usihesabu wanafunzi? Mbona usiangalie karo? Taarifa hizo ziko wazi kuliko namba ya kori.

Nguvu tuliyo nayo iko kwenye zabuni. Vyuo vikuu, kaunti, maktaba na hospitali za umma hununua programu kwa pesa zetu, na aghalabu vifaa vyao ni mchanganyiko wa vipya, vya msaada na vya mtumba. Anayeandika masharti ya zabuni anaweza kuongeza mistari miwili: bei ya leseni isibadilike kwa sababu ya modeli ya kompyuta, toleo la mfumo wake au idadi ya kori, isipokuwa muuzaji aonyeshe kazi ya ziada aliyoifanya kwa ajili ya mashine hiyo, na leseni iliyonunuliwa kwa ajili ya mwanafunzi au mfanyakazi mwenye ulemavu imfuate yeye anapobadilisha mashine. Muuzaji atanung'unika. Kisha atapeleka makadirio yake upya, kwa sababu anaitaka ile hundi. Ukiwa unajua mtu kwenye kamati ya ununuzi ya chuo chako, mtumie mistari hiyo kabla hawajafungua zabuni ya maabara ya mwaka ujao.